Hesabu ni dakika 200

Wazazi wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Walioko nyuma sogeeni mbele, nitaandika namba ubaoni na nataka kila mtu azione.

Wiki hii vijana wanne waliomo humu ndani wameniletea utabiri wa timu za mpira wa kikapu za vyuo vya Marekani wanazozifuatilia. Wote wameleta kitu kilekile: majina matano ya watakaoanza mechi. Mwaka jana nililisema hili, mwaka juzi nililisema, leo nalirudia: majina matano si utabiri. Kuanza mechi ni sekunde moja ya mpira kurushwa juu. Swali ni nani atacheza, kwa dakika ngapi, na dakika hizo zimetoka kwa nani.

Mmoja kati yao angalau alijaribu, kaandika dakika mbele ya kila jina. Hizi hapa: 34, 33, 32, 30, 30, 24, 22, 20, 15. Nani amejumlisha? Ni 240. Mechi ya vyuo, kwa wanaume, ina vipindi viwili vya dakika 20, na uwanjani wako watu watano. Arobaini mara tano ni 200. Ukigawa 240 kwa 40 unapata sita. Kijana wetu amepanga timu ya watu sita uwanjani, na hakuna mwamuzi atakayemruhusu.

Hiyo 200 iandikeni chini ya ukurasa kabla hamjaandika jina hata moja. Ukimwongezea mtu dakika tano, umemnyang'anya mwenzake tano. Huwezi kusema "huyu mpya atapata dakika 25" halafu ukaondoka. Tuambie nani anakaa benchi dakika hizo 25.

Sasa timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky. Najua wengine mmeshanisikia nikiisimulia. Sikilizeni tena, maana bado mnaleta majina matano.

Msimu wa 2014-15 kocha John Calipari alikuwa na tatizo ambalo makocha wengi wangelitamani: wachezaji kumi, kila mmoja anastahili kucheza. Akaamua kuwagawa makundi mawili ya watu watano. Kundi la kwanza lilikuwa na mapacha Andrew na Aaron Harrison, Alex Poythress, Karl-Anthony Towns na Willie Cauley-Stein. La pili lilikuwa na Tyler Ulis, Devin Booker, Trey Lyles, Marcus Lee na Dakari Johnson. Kundi linaingia zima, linatoka zima. Pigeni hesabu: watu kumi, dakika 20 kila mmoja, ni 200 kamili. Novemba wakawafunga Kansas 72 kwa 40.

Mwezi uliofuata Poythress akaumia goti mazoezini, msimu wake ukaishia hapo. Hapo ndipo pa kutazama. Makundi mawili kamili hayakuwezekana tena, na zile dakika zake hazikupotea hewani, ziligawanywa kwa waliobaki. Siku chache baadaye walicheza na UCLA, chuo cha Los Angeles, pale Chicago, na hadi mapumziko wakawa wanaongoza 41 kwa 7. Saba! Kipindi kizima!

Wakaenda hivyo mpaka mechi 38 bila kupoteza hata moja, na bado mpaka mwisho wa msimu hakuna mchezaji aliyefikisha wastani wa dakika 27. Sasa mtazameni Devin Booker. Hakuanza mechi hata moja msimu ule. Hata moja. Towns alikuwa akianza, na mwaka huohuo akachaguliwa namba 1 kwenda NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Wastani wa Towns ulikuwa dakika 21 na kidogo. Wa Booker? Dakika 21 na kidogo vilevile. Aliyeleta orodha ya watano angemwacha Booker nje, mtu anayecheza sawa na namba moja wa taifa zima. Ndiyo maana hasira inanipanda mnaponiletea majina matano.

Halafu Aprili 4, 2015, nusu fainali ya ubingwa wa vyuo, Wisconsin wakawafunga 71 kwa 64. Mtu atasema: umeona, benchi refu halifai. Sijasema linafaa wala halifai! Hapa tunakisia dakika. Ubingwa ni somo lingine.

Ila kwa kuwa mmenipeleka huko, ubingwa wa mwaka ule ulichukuliwa na chuo cha Duke, timu iliyobaki na wachezaji wanane tu wenye udhamini wa masomo baada ya kocha Krzyzewski kumwondoa mmoja Januari. Dakika 200 zilezile, ila kwa watu wanane. Wa mwisho mwisho kati yao, Grayson Allen, wastani wake msimu mzima ulikuwa kama dakika 9. Kwenye fainali nyota wa timu, Okafor na Winslow, wakaelemewa na faulo, Duke wako nyuma pointi 9, Allen akaingia na kumaliza na pointi 16. Faulo ndizo zilizomfungulia mlango. Kwenye vyuo faulo tano unatoka, na kocha mwenye tahadhari anakukalisha benchi hata kabla hujafika huko.

Hili wazazi wa vijana warefu walisikie vizuri. Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar es Salaam, alipofika Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006 urefu wake haukumpa dakika 40. Senta, yule mrefu wa karibu na kikapu anayezuia mipira, anagusana na watu, na akigusana anahesabiwa faulo. Mwaka wa kwanza wastani wake ulikuwa pointi 6.2, wa tatu 13.6, na dakika zilipanda pamoja na pointi hizo. Kwa hiyo ukikisia senta wa mwaka wa kwanza, mpe dakika chache kuliko moyo unavyotaka, na palepale andika jina la atakayempokea.

Kuna mzee ananiuliza kila mara: kocha akiamka na lake, hesabu yako itasaidia nini? Mzee wangu, kocha ni mtu wa mazoea. Tazama misimu yake mitano nyuma. Jim Boeheim, aliyekuwa kocha wa chuo cha Syracuse, alijulikana kwa kutumia watu wachache. Machi 2009 timu yake ilicheza na hawahawa Connecticut hadi vipindi sita vya nyongeza, dakika tano kila kimoja, jumla dakika 70, na Jonny Flynn alicheza 67 kati ya hizo. Aliyemfuata Flynn kwenye nafasi ile alikuwa akisubiri dakika tatu. Kijana wako akiitwa na kocha wa namna hiyo, muulize huyo kocha nani anaondoka, usimuulize jezi ina rangi gani.

Muda unaniishia na sijagusa uhamisho. Kwa kifupi: tangu 2021 mchezaji aliweza kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na 2024 hata ile "mara moja" ikaondolewa. Maana yake utabiri wa Machi umekufa ifikapo Mei. Subirini waliohama wafike, ndipo mwandike.

Mwenye daftari la 240 aje hapa mbele na penseli na kifutio. Tunaanza na senta, dakika 40 za nafasi ile: nani, ngapi, na nani anampokea.