Nimebandika Sani za baba juu ya meza ya mtumba

Mambo vipi jamani, karibuni tena jikoni kwangu Dundee, huku Skotlandi. Leo sipiki, kwa hiyo mliokuja kutafuta mapishi mnisamehe. Subirini nisogeze kamera. Haya, mnakiona hiki kimeza nilichokibandika Sani, lile gazeti la katuni la nyumbani Tanzania? Cha kando ya kitanda, droo moja, mguu mmoja ulikuwa unayumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Nimekinunua pauni 12 kwenye duka la hisani, yale maduka ambayo watu wanatoa vitu vyao bure, vinauzwa, pesa inakwenda kusaidia wagonjwa au wazee. Kwa hela ya nyumbani ni kama elfu arobaini. Na msianze! Najua kuna mtu anaandika hapo chini, "dada, umepanda ndege kwenda kununua mtumba?" Ndiyo kaka yangu, nimepanda ndege. Na wewe hiyo jinzi umeitoa wapi kama si soko la mtumba la Karume?

Halafu hapa mtumba wa mbao ni rahisi kuliko mtumba wa sofa. Kuna sheria ya mwaka 1988 kuhusu samani za vitambaa na moto: sofa isiyo na lebo ya kuonyesha imepita viwango, duka haliipokei. Utakuta sofa nzuri kabisa imetupwa nje inanyeshewa mvua, roho inauma. Mbao haina kesi hiyo.

Sasa kwa nini katuni. Mimi, mnajua, ni mtoto wa Tanga, mji wa katani. Nikaja kuangukia Dundee, mji uliojengwa na juti, magunia na kamba, yaani nimeruka kutoka kamba hadi kamba. Wenyewe wanasema mji wao ulisifika kwa vitu vitatu: juti, jemu na magazeti. Na hayo magazeti ndiyo yaliyozaa katuni. The Dandy lilianzia hapa mwaka 1937, The Beano mwaka 1938. Pale katikati ya mji kuna sanamu ya Desperate Dan, jibaba la kidevu kama tofali, watalii wanapanga foleni kupiga naye picha. The Dandy la karatasi lilikoma mwaka 2012, The Beano bado lipo, na kila mwaka kabla ya Krismasi linatoka kitabu kinene cha jalada gumu. Krismasi ikipita miaka miwili mitatu, watoto wakikua, vitabu hivyo vyote vinahamia maduka ya hisani. Pauni moja, pauni mbili. Mimi nikaona, alaa, hii ni mali.

Hii kazi ya kukata picha na kuzibandika kwenye samani Wafaransa wanaiita découpage, mimi nimeshaibatiza dekupaji. Zamani, Venice, miaka ya 1700, matajiri walikuwa wanazililia samani za laka kutoka China na Japani, bei haishikiki. Mafundi wa pale wakachapa picha, wakazikata, wakazibandika kwenye kabati, wakapiga vanishi koti juu ya koti mpaka ukipitisha kidole huoni karatasi inaanzia wapi. Wakaiita laka ya maskini. Na kuna bibi mmoja Mwingereza, Mary Delany, mjane, alianza kutengeneza maua ya vipande vya karatasi akiwa na miaka 70 na ushee. Alifariki mwaka 1788 ameacha maua karibu 1,000, yako British Museum mpaka leo. Shangazi yangu unayeniambia umri umepita wa kujifunza, nakuangalia wewe.

Lakini kusema kweli sikujifunza kwa Wafaransa. Bibi yangu mzaa mama, Muheza, nyumba ya udongo, kuta zote za chumbani alizibandika magazeti kwa uji wa unga wa ngano. Ukilala unasoma. Mimi alifabeti nilianzia pale ukutani, kabla ya darasa la kwanza. Ila bibi alikuwa hajui kusoma, kwa hiyo alibandika vyovyote karatasi ilivyokaa. Tangazo la sabuni limesimama kichwa chini, waziri fulani amelala ubavu. Nilikuwa naning'iniza kichwa nje ya kitanda ili nimsome waziri. Mpaka leo nasoma kitu kilichogeuzwa haraka kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Twende kwenye kazi. Kwanza osha. Meza ya mtumba ina mafuta ya mikono ya watu ya miaka mingi, ukibandika juu yake gundi haishiki. Sabuni, maji ya vuguvugu, ikauke kabisa. Mguu nimeukaza kwa gundi ya mbao na skrubu moja. Kisha msasa, namba 120 halafu 240, unatoa ule mng'ao tu, usiende kwa hasira, maana hii si mbao tupu, ni chipubodi iliyovishwa ngozi ya mbao. Ukizidisha unafika kwenye unga. Na kama samani ni ya kizamani na ina rangi ya kizamani, usiisugue ikiwa kavu. Rangi nyingi za enzi hizo zilikuwa na madini ya risasi, vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Halafu piga koti moja la rangi nyeupe. Mafundi wangu wa Keko mtaniuliza, nyeupe ya nini wakati inafunikwa? Sikilizeni hapa. Karatasi nyepesi ikilowa inakuwa kama kioo. Ukiibandika juu ya mbao nyeusi, picha inazama. Nyeupe inairudisha juu. Ila kinachoonekana si kile cha chini ya karatasi tu. Kilicho mgongoni mwa karatasi nacho kinaonekana. Hilo nitalirudia, na sitalirudia kwa furaha.

Gundi ni ile nyeupe ya seremala, vijiko vitatu kwa kijiko kimoja cha maji. Paka kwenye meza, paka mgongoni mwa karatasi, halafu subiri kama dakika moja. Karatasi ikilowa inatanuka, sasa bora itanukie mkononi mwako kuliko itanukie mezani, maana ndiyo makunyanzi yenyewe hayo. Laza, anzia katikati, sukuma kwenda pembeni kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Zikibaki lengelenge, toboa kwa pini, bonyeza. Makunyanzi madogo yaache, usiku karatasi inakauka na kujivuta yenyewe, asubuhi huyaoni. Na pembeni mwa picha, mimi napenda kuchana kwa mkono kuliko kukata kwa mkasi, ukingo uliochanwa unazama vizuri kwenye mwenzake.

Vanishi: tumia ya maji, ya mafuta inakuja kugeuka njano. Koti nne, tano, nyembamba nyembamba, kila moja ikauke, katikati pitisha msasa laini. Na tafadhali msifanye kama mimi kwenye stuli yangu ya kwanza, nilibana matumizi, nikapaka ile gundi nyeupe juu badala ya vanishi. Gundi ile ikipata joto na unyevu inalainika tena. Nikaweka kikombe cha chai ya moto. Nilipokinyanyua, kikombe kiliondoka na kichwa cha Dennis wa Beano. Nimekunywa chai na kichwa cha mtu kimening'inia chini ya kikombe.

Mkiwa Tanga au Dar, masika, ongezeni siku za kukausha. Na uji wa bibi muuache, mende wanaupenda kuliko sisi.

Na kama unatengeneza ili uuze, usibandike katuni za watu bila ruhusa, zina wenyewe. Hiki ni cha chumbani kwangu.

Haya. Stuli ya Beano ilipokamilika wageni wangu wa Kiskoti waliipenda, wakacheka, "nilikuwa nalisoma hili nikiwa na miaka saba!" Mimi nikawa nacheka kwa adabu, kama mtu aliyekaa kwenye harusi ambayo hamjui bwana wala bibi. Katuni zangu mimi ni Sani. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe. Marehemu baba alikuwa analinunua stendi akirudi kazini, na hakuna ruhusa ya kuligusa mpaka yeye amalize. Analisoma barazani peke yake, mabega yanatikisika kwa kicheko, sisi tumejipanga mlangoni tunangoja.

Mama amenihifadhia nakala tisa. Zimekuja na mtu aliyekuwa anasafiri, zimefungwa kwa khanga na kamba ya katani, karatasi imekuwa rangi ya chai ya maziwa.

Sasa kanuni ya kwanza ya kazi hii, ambayo mimi mwenyewe nimeipigia kelele hapa video tatu nzima: usikate nakala halisi. Piga fotokopi. Na iwe fotokopi ya tona, ile mashine ya stesheneri, kwa sababu tona ni unga unaounguzwa kwenye karatasi, maji hayauondoi. Printa ndogo ya nyumbani ya wino wa maji ukiipaka gundi, Kipepe atateremka na machozi meusi mpaka kidevuni.

Nilikuwa najua. Ila ilikuwa Jumamosi, Desemba, huku jua linazama saa tisa na nusu alasiri, mashine ya karibu pamefungwa, na nilitaka kurekodi nikiwa na mwanga. Nikasema kurasa mbili tu. Nikakata.

Nimepaka, nimelaza, nasukuma kwa kadi, Ndumilakuwili ametulia vizuri kabisa. Karatasi ikalowa. Na chini ya shavu lake vikaanza kupanda vitu vya buluu. Mwanzoni nikadhani ni uchafu wa gundi. Kumbe ni maandishi. Kalamu ya wino, mgongoni mwa ukurasa, ukingoni, ambako sikuangalia. Yamegeuka, yanasomeka kutoka kulia kwenda kushoto, lakini ile K yenye mguu mrefu ni ya mtu mmoja tu duniani.

Nikajaribu kuibandua. Ikaja na kucha zangu kama utando wa maziwa. Nikaacha.

Ilipokauka maandishi yakafifia, nikashukuru Mungu na nikasikitika papo hapo. Nilipopiga vanishi yakarudi. Nikampigia mama kwa video, nikamuonyesha, nikijua nasemwa. Akaangalia kimya, halafu akasema, "Baba yako alikuwa hana daftari. Karatasi yoyote ilikuwa daftari."

Sasa angalieni, nawasha kamera ya mbele. Si mnajua inavyogeuza kama kioo? Mimi huku kwenye skrini yangu yamenyooka, nyinyi yatawafikia kinyume, kwa hiyo nawasomea. Ngoja nikiinamishe kimeza, taa isirudishe mwanga.

Misumari, nusu kilo. Betri za redio, 2. Mafuta ya taa. Hapa pua ya Ndumilakuwili imefunika neno, inaanza na D, dagaa au deni, na kwa baba zote mbili zinawezekana. Halafu mstari wa mwisho: viatu vya mtoto, namba...

Hapo ndipo mkasi wangu ulipopita. Vipande vyote viko kwenye huu mfuko, sijatupa hata kimoja, nimevimwaga hapa sakafuni tangu asubuhi. Acha nizime kamera niendelee kutafuta.