"Seedie": neno la Kiingereza lililobeba babu zetu

Habari zenu wapendwa, Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa, Lamu, na nyote mlioko ughaibuni kama mimi. Leo nipo Simon's Town, mji wa wanamaji jirani na Cape Town, na nimewaletea neno la Kiingereza ambalo Waingereza wengi wa leo hawajawahi kulisikia: "Seedie". Litamke sidi.

Katika karne ya 19, Seedie alikuwa baharia Mwafrika kwenye manowari za Uingereza, aliyeandikishwa Zanzibar, Aden, Bombay na bandari nyingine za Bahari ya Hindi. Yaani hao ni watu wetu kabisa. Asili ya neno ni Kiarabu, sayyidi, bwana wangu. India likawa jina la watu wenye asili ya Afrika, nao wapo mpaka leo Gujarat na Karnataka. Watawala wa ngome ya kisiwa cha Janjira, hukohuko India, waliitwa hivyohivyo, na hakuna aliyewadharau.

Sasa angalia lilivyoshuka. Kwenye daftari za manowari, Seedie ni daraja la kazi. Ni mtu wa kuchochea tanuri za makaa ya mawe kwenye joto la Bahari ya Shamu, kupiga makasia, kukwangua kutu, kwa mshahara mdogo kuliko wa baharia Mwingereza. Na jina lake la kuzaliwa? Mara nyingi halikuandikwa. Alibandikwa jina la Kiingereza la utani, basi, akaishi nalo na kuzikwa nalo.

Hapa Simon's Town kuna makaburi ya zamani ya Seaforth, karibu na ufukwe wa pengwini, na Seedie wamelala humo. Unasoma jiwe, unaona jina la meli, unaona hilo neno Seedie, lakini kijiji hakuna, baba hakuna. Inauma, jamani.

Na hawa si watu wa pembeni katika historia. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Zanzibar. Kuanzia 1874 manowari HMS London ilitia nanga palepale bandarini, na mashua zake zikawa zinafukuza majahazi ya watumwa hadi Pemba. Katika msako huo walikuwamo Seedie, na baadhi yao walikuwa wamewahi kuwa watumwa wenyewe. Mimi nawahesabu kuwa mashujaa.

Mmoja aliyebaki na jina ni Sidi Mubarak Bombay. Hakuwa mwanamaji, ila ile "Sidi" ni neno hilihili. Myao, alitekwa utotoni, akauzwa, akafikishwa India. Aliporudi Afrika akasafiri na wapelelezi wa Kizungu: kwanza Burton na Speke, mwaka 1871 akaenda na Stanley hadi Ujiji, kisha akavuka bara zima na Cameron, kutoka Bagamoyo hadi pwani ya Angola. Akatunukiwa medali ya fedha na Shirika la Kifalme la Kijiografia la Uingereza.

Kama kwenu kuna babu aliyesemekana "alifanya kazi manowari", waulizeni wazee sasa hivi, warekodini kwa simu: jina lake la nyumbani, la utani, na meli yake. Daftari nyingi za jeshi la majini la Uingereza zimehifadhiwa Kew, London, kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa. Nitumieni mtakachopata, tuanze kuyaoanisha majina.