Gede: Anzeni Kisimani

Wazee wetu, walimu, na nyinyi viongozi wa skauti mnaowapeleka vijana Gede, asalaam aleikum.

Gede ni magofu ya mji wa kale wa Waswahili, karibu na Malindi, pwani ya Kenya. Mgeni akiingia hukimbilia kasri. Nawaomba muanze kisimani, kando ya Msikiti Mkuu. Kisima kile kiliongezwa kina baada ya kuchimbwa, maana yake maji yalikuwa yakishuka. Sasa fikirini mji wenye ukuta wa nje unaozunguka eka 45 hivi, wenye misikiti ya mawe, birika za kutawadhia na vyoo ndani ya nyumba: maji yakishuka, watu wataishije? Wanahistoria wanataja mengine pia yaliyofanya mji uhamwe: Wazimba, wapiganaji kutoka kusini, waliopita pwani hii mwaka 1589, Wareno kumhamishia Mombasa mtawala wa Malindi mwaka 1593, na Waoromo walioshuka kutoka kaskazini. Kwa maoni yangu haya yalishikana. Anayewapa sababu moja tu, mrudisheni kisimani.

Kuhusu umri wa mji, kuna kaburi lenye maandishi ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Huo ndio msumari tunaotundikia tarehe nyingine. Waonyesheni vijana kaburi hilo mapema, wajue kwamba waliojenga hapa walikuwa Waislamu wa pwani hii hii, miaka mia moja hivi kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi mwaka 1498.

Wareno walikaa Malindi sehemu kubwa ya karne ya 16, umbali wa kilomita 16 hivi kutoka Gede, lakini katika maandishi yao yanayojulikana mji huu hautajwi. Watu wanasimulia kwamba wazee wa kale hawakuondoka, kwamba mizimu yao inalinda magofu, na kwamba anayeharibu pale humfuata balaa. James Kirkman, aliyechimbua Gede kuanzia 1948 hadi 1958, aliandika kwamba mwanzoni alihisi kuna kitu kinamtazama kutoka nyuma ya kuta. Msiwakatae vijana wanapouliza juu ya mizimu. Wamijikenda, wenyeji wa pwani hii, wanauheshimu msitu unaozunguka magofu, na heshima hiyo imesaidia miti kubaki imesimama. Ila msiifanye mizimu kuwa jibu la swali la kwa nini mji ulihamwa. Hayo ni maswali mawili.

Mkifika kwenye nyumba, pimeni upana wa chumba kwa hatua. Vyumba ni virefu na vyembamba, na sababu iko juu, si chini: dari ilibebwa na boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida haziruhusu chumba kuzidi mita mbili na nusu au tatu hivi. Kuta ni matumbawe na chokaa. Nyumba nyingi zimepewa majina kwa vitu vilivyochimbuliwa ndani yake. Kuna ya Mkasi, na kuna ya Taa ya Chuma. Kwenye Msikiti Mkuu, juu ya mlango mmoja, tafuteni mkuki wenye bapa pana uliochongwa. Wengi hupita chini yake bila kuuona.

Sasa uharibifu, na hapa nawasihi. Mtoto akipanda ukuta, jiwe la juu hulegea, mvua inaingia kwenye ufa, chokaa inasombwa, na ukuta unafumuka kutoka ndani. Mzizi ukishapenya ukutani usivutwe, kwa sababu umeshashika mawe. Ukiung'oa unaangusha ukuta. Hukatwa, ukaachwa ufe, kisha mwanya ukajazwa. Na usijazwe kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu, kwa hiyo maji na chumvi hufungika ndani, na jiwe la zamani ndilo linalomomonyoka huku kiraka kikibaki. Hujazwa kwa chokaa, nayo ikauke polepole bila kupigwa na jua kali.

Mahali hapa palitangazwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1927, na mwaka 2024 UNESCO ikapaingiza katika Urithi wa Dunia. Kwa hiyo vijana wasiokote kigae wala ushanga. Kigae kikiwa mahali pake kinamwambia mchimbaji tabaka lile la udongo ni la wakati gani. Kikiwa mfukoni hakisemi chochote. Kijana akikiona akiache kilipo, akamwite mlinzi.