Tawi si Gogo Dogo

Asanteni. Leo tunazungumzia kutoa mbao kwenye tawi la mti. Hiki kipande kipitisheni mkono kwa mkono. Ni mwembe. Tawi lilikatwa Temeke kabla ya masika, lilishalalia nyaya za umeme, na mwenye nyumba alikuwa anatafuta mtu wa mkaa.

Tazameni kichwani, pale kilipokatwa. Hicho kidoa ndicho kiini, na hakiko katikati, kimesogea upande mmoja. Upande huo ndio uliokuwa unatazama chini. Tawi la mwembe likilala hunenepa zaidi juu, na unene huo ndio unaolivuta lisiiname. Ukilikata, mvuto ule unabaki humohumo. Ubao uliochanganya upande wa juu na wa chini ukikauka unapinda kama upinde. Ndiyo maana naweka alama ya rangi juu ya tawi kabla ya msumeno kuligusa. Mkipasua mkaona pametoka manyoya kama sufi, ndipo penye mvuto ule. Msiisumbue randa, hizo ni kuni.

Kiini kitoke. Hapo sina mjadala. Mti husinyaa kufuata pete zake za ukuaji karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kiini, kwa hiyo kipande cha mviringo lazima kipasuke mahali. Zamani niliacha tawi zima juu ya bati nikidhani jua litanisaidia. Wiki ya pili nikakuta ufa, sarafu ya shilingi 200 inaingia bila kusukumwa.

Pasueni mapema. Mwembe mbichi ukikaa na magome yake unaota madoa ya bluu, kisha bungua wanahamia. Vichwa vipakwe rangi ya mafuta, hata ile iliyobaki ya geti. Kateni fupi, futi 3 zinatosha. Pangeni kivulini penye upepo, juu ya matofali kwa sababu ya mchwa, vipapi vyembamba kati ya ubao na ubao, kipapi juu ya kipapi, halafu mawe.

Muda? Mafundi huhesabu mwaka kwa kila inchi ya unene. Mimi naamini mizani: uzito ukiacha kushuka, umekauka kwa hewa yetu ya pwani. Ukiingia ofisi yenye kiyoyozi utasinyaa tena, mwambieni mteja mapema.

Nimekusikia, mama. Hapana, kitanda hakitoki humo. Kigoda kinatoka, ubao wa kukatia mboga unatoka. Hicho ulichoshika ni mguu wa mbuzi ya nazi.