Kutoka Seli Hadi Mfumo kwa Kitunguu Kimoja

Karibuni. Seli, tishu, ogani, mfumo, kiumbe: mlolongo huu wengi tumeukariri bila kuushika kwa mkono. Leo tunapasua kitunguu maji kimoja na kuutafuta humo ndani.

Andaa hadubini, slaidi na kifuniko chake, koleo ndogo, sindano, wembe, bomba la kudondoshea na myeyusho wa iodini. Iodini huacha madoa kwenye nguo na vidole, basi vaa glavu. Wembe aushike mtu mzima.

Kata kitunguu kwa urefu, vipande vinne. Bandua gamba moja nene lenye maji, ugeuze upande wake wa ndani, ule uliobonyea. Pana ngozi laini inayopitisha mwanga. Ishike ukingoni kwa koleo uivute polepole. Kipande kidogo kinatosha. Kikubwa kitakusumbua tu.

Dondosha tone la maji katikati ya slaidi, tandaza ngozi yako juu yake. Hapa usiwe na haraka. Ngozi ikijikunja, seli hupandana na hutaona cha maana, kwa hiyo inyooshe kwa ncha ya sindano. Ongeza tone la iodini, subiri dakika 2 au 3. Sasa kifuniko: kiegemeze ukingo mmoja kwenye tone, kisha kishushe kwa mshazari, taratibu, hewa ipate pa kutokea. Ukija kuona miduara yenye ukingo mweusi mnene, usishangilie. Hayo ni mapovu.

Weka slaidi kwenye hadubini, uanze na lenzi ya nguvu ndogo kabisa. Ukishaona vizuri, panda hadi lenzi ya 40, na kuanzia hapo zungusha skrubu ndogo ya kurekebisha uoni peke yake. Ile kubwa inaweza kuigandamiza lenzi kwenye slaidi na kuivunja. Lenzi ya jicho ikiwa ya 10, unaona kitu kilichokuzwa mara 400.

Vile vyumba virefu vilivyopangana kama matofali ndizo seli. Mstari unaozunguka kila kimoja ni ukuta wa seli. Doa la duara lililokolea iodini ni kiini, sehemu inayoongoza kazi za seli, na mara nyingi utalikuta pembeni kwa sababu vakuoli, yaani kifuko kikubwa kilichojaa maji, imechukua nafasi ya katikati. Kloroplasti, zile chembe za kijani zinazonasa mwanga, usizitafute: gamba hili kazi yake si kunasa mwanga. Robert Hooke, aliyeandika habari za seli mwaka 1665, alikuwa akitazama gome la koki, seli zilizokwisha kufa, akaona kuta tupu. Wewe una kiini mbele yako.

Sasa acha kukodolea seli moja, tazama zote kwa pamoja. Zinafanana, zimeshikana, na kazi yao ni moja, kufunika. Hiyo ni tishu. Ile ngozi uliyoivuta kwa koleo ilikuwa tishu tangu mwanzo.

Rudi kwenye gamba lenyewe. Lina ngozi ya ndani na ya nje, katikati nyama nene inayohifadhi chakula, na mirija inayopitisha maji na sukari. Tishu kadhaa zikifanya kazi pamoja, hapo tuna ogani. Na ogani hii ni jani, ndiyo, jani lililonenepa! Kile kitako kigumu kinachoshika magamba yote ni shina fupi, na chini yake mizizi. Shina na majani yake ni mfumo mmoja, mizizi ni mfumo mwingine, na yote pamoja ni mmea.

Mwilini mwetu ngazi ni hizohizo, ingawa tumbo linachanganya tishu za aina nne: epithelia (tishu ya kufunika), misuli, neva na tishu unganishi. Damu nayo huhesabiwa kuwa tishu unganishi, japo ni ya majimaji. Ila usichore mifumo kama visanduku vilivyofungwa. Kongosho humwaga vimeng'enya, yaani kemikali za kusaga chakula, kwenye utumbo mwembamba na insulini, ambayo ni homoni, kwenye damu, kwa hiyo liandike katika mfumo wa mmeng'enyo na pia katika mfumo wa homoni. Ameba yeye ana seli moja tu, na inamtosha kula, kujongea na kuzaana.

Kabla hujaosha slaidi, chukua penseli. Chora seli tatu au nne zinazopakana, bila kutia kivuli, weka majina kwa mistari isiyokatana, na uandike kando umezikuza mara ngapi.