Majeraha, miaka iliyopotea, na jinsi tunavyowakumbuka wanamieleka

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja. Nitakwenda moja kwa moja kwenye hoja.

Mabishano ya mashabiki wa mieleka huwa yanafika mahali pamoja. Mmoja anataja jina la mtu aliyeumia mapema, mwingine anadakia: "Yule asingeumia, angewafunika wote." Leo nataka kuibishia kauli hiyo. Katika mchezo huu jeraha haliishii kumpunguzia mtu tu. Mara nyingine humtengeneza, na tunachokuja kukipenda kwake kinatokana na siku aliyoumia. Ila nataka pia tusilifanye jeraha kuwa baraka, maana wapo waliolipa na hawakurudishiwa hata senti.

Tuwekane sawa kwanza. Mieleka ya kulipwa ya Marekani hupangwa mshindi. Mkanda wa ubingwa mtu hupewa na mwenye kampuni anayeona kwamba huyu ndiye atakayejaza ukumbi. Kwa hiyo kuhesabu mikanda ambayo fulani "angeshinda" kama angekuwa mzima ni kuhesabu maamuzi ya bosi. Kisichopangwa ni mwili. Shingo ikivunjika, imevunjika. Anachopoteza mwanamieleka aliyeumia ni mechi zenyewe, na kumbukumbu tunayobaki nayo inatokana na mechi.

Tarehe 3 Agosti 1997, East Rutherford, New Jersey. Steve Austin, miaka 32, anagombea mkanda wa Intercontinental, ubingwa wa pili kwa ukubwa baada ya ule wa dunia, dhidi ya Owen Hart. Owen anambeba kichwa chini miguu juu, kisha anakaa naye kitako. Kichwa cha Austin kimeshuka kupita mapaja ya Owen, kwa hiyo kinachogonga sakafu ya ulingo ni utosi, na uzito wote unaishia shingoni. Mwili unakufa ganzi.

Mkipata nafasi, itazameni tena mechi ile, lakini mtazameni Owen. Anajua kuna kitu kimeharibika. Anazunguka ulingoni, anawatambia watazamaji, anapiga kelele. Kwa mtu asiyejua, anajisifu tu. Kumbe anamnunulia mwenzake muda. Austin anajiburuza, anamshika miguu kutoka nyuma, anamkunja kwa nguvu ambazo zisingemwangusha mtoto, na Owen anaanguka, anabaki chini mpaka mwamuzi anamaliza kuhesabu tatu. Iliandikwa Austin ashinde, na wote wawili wakahakikisha anashinda.

Sasa angalieni kilichofuata. Austin hakuruhusiwa kupigana, lakini umaarufu wake ulikuwa unapanda kwa kasi, na kampuni ya WWF, ambayo leo ni WWE, haikutaka apotee kwenye televisheni. Akawa anakuja bila mechi. Tarehe 22 Septemba mwaka huohuo, ndani ya Madison Square Garden, New York, Vince McMahon, mwenye kampuni, alimfuata ulingoni. Watazamaji wengi wakati huo walimjua McMahon kama mtangazaji tu. Alikwenda kumwambia kwamba afya yake haijamruhusu kupigana, na kwamba wanamjali. Austin akamsikiliza hadi mwisho, kisha akampiga Stunner, pigo lake la kumkaba mtu shingo na kumwangusha. Bosi chali, ukumbi mzima umesimama.

Ugomvi wa mfanyakazi na bosi wake, uliokuja kuijaza WWF mashabiki na fedha, ulipata cheche yake kwenye mazungumzo kuhusu shingo mbovu. Toeni jeraha, na usiku ule hautokei kama ulivyotokea. Huenda wangepata njia nyingine ya kuwagombanisha, lakini sina haja ya kubuni njia hiyo wakati iliyopo inaonekana kwenye picha.

Na mtindo wake ukabadilika. Mapema miaka ya tisini, akiwa WCW, kampuni pinzani ya WWF, na mwenzake Brian Pillman, Austin alikuwa fundi wa mikunjo na mikingamo. Baada ya Agosti 1997 akawa mtu wa ngumi, wa kumkanyaga mpinzani kwenye kona, wa kumtoa nje na kumgongesha kwenye meza za watangazaji. Mechi za namna hiyo zilikuwepo kabla yake, na yeye mwenyewe alizijua. Lakini kwake sasa zilikuwa ulinzi: ukipigana kwa ngumi, hubebwi mara kwa mara wala huanguki kwa shingo. Alipochukua ubingwa wa dunia kwa Shawn Michaels, Boston, Machi 1998, namna ile ya kupigana ikawa sura ya kampuni nzima.

Bili ilikuja baadaye. Kufikia mwisho wa 1999 shingo ilikataa kabisa. Ikatungwa hadithi kwamba amegongwa na gari ili watazamaji waelewe kwa nini hayupo, naye akaenda kufanyiwa upasuaji. Alirudi, lakini mechi yake ya mwisho ya enzi ile, dhidi ya The Rock huko Seattle, ilikuwa Machi 2003. Alikuwa na miaka 38. Kilele chake chote, tangu Boston hadi Seattle, ni miaka mitano, na karibu mwaka mmoja kati ya hiyo hakupigana kwa sababu ya shingo.

Ufupi huo umemlinda. Hatukumwona Austin akizeeka ulingoni, akichoka dakika ya tano. Alipojitokeza tena Texas mwaka 2022, ana miaka 57, kupambana na Kevin Owens, watu walimpokea kama wanavyompokea mtu waliyemkosa, si mtu waliyemchoka.

Niseme neno juu ya Owen, kwa sababu jambo hili linaniuma. Alifariki tarehe 23 Mei 1999, Kansas City, baada ya kuanguka kutoka juu alipokuwa akishushwa ulingoni, akiwa na miaka 34. Mashabiki wengi wanamkumbuka kwa mambo mawili tu: kifo kile na shingo ya Austin. Huko ni kumdhulumu. Alikuwa miongoni mwa mafundi wakubwa wa kizazi chake. Jeraha moja huwa na watu wawili ndani yake, na aliyeumiza naye hulibeba jeraha hilo maisha yake yote na hata baada yake.

Sisi huku Afrika Mashariki tuna kasoro yetu. Wengi tuliwajua watu hawa kwenye vibanda vya video, kanda ya mwaka huu ikifuatiwa na ya miaka mitatu nyuma, bila mpangilio. Kwenye kanda mtu hapotei. Tulimwona Michaels leo na kesho, tusijue kwamba kati ya kanda hizo mbili kuna miaka minne ya mtu asiyeweza kupigana.

Miaka hiyo minne ni hii. Januari 1998, akipigana na Undertaker katika mechi ya jeneza, ambayo mshindi ni anayemfungia mwenzake ndani ya jeneza, Shawn Michaels alirushwa nje na mgongo ukagonga ukingo wa jeneza. Alijikaza hadi mechi ya Boston, akampa Austin mkanda, akaondoka. WWF haikumpata tena ulingoni hadi Agosti 2002. Alikuwa na miaka 32 alipotoka, 37 aliporudi. Miaka ya kilele, hiyo.

Lakini katika miaka hiyo alifungua shule ya mieleka San Antonio, Texas, na mmoja wa vijana waliopita pale ni Bryan Danielson, mliyemjua baadaye kama Daniel Bryan. Bryan naye akaumia: shingo, kisha kichwa. Akatangaza kustaafu Februari 2016, ana miaka 34, analia mbele ya watu wa jimbo lake. Miaka miwili baadaye madaktari wakamruhusu kurudi. Na ni yeye aliyekuwa bingwa usiku wa Aprili 2019 ambapo Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, aliutwaa mkanda wa WWE. Kila nikiutazama usiku ule, naona mgongo wa Michaels ukiwa mwanzo wa mnyororo.

Edge, mwanamieleka mwingine wa WWE, nitamgusa tu. Aliondoka Aprili 2011 akiwa bado bingwa wa dunia, kwa sababu uwazi wa uti wa mgongo shingoni ulikuwa umebana na kuanguka vibaya mara moja kungeweza kumuua. Akarudi Januari 2020, ana miaka 46. Karibu miaka tisa. Mwaka uliofuata alishinda Royal Rumble, mechi ya watu thelathini wanaoingia mmoja mmoja, akiwa ameingia wa kwanza, na mimi bado nasema miaka ile tisa haikufidiwa.

Na yupo ambaye hata mechi moja hakurudishiwa. Terry Allen, aliyejulikana kama Magnum T.A. Novemba 1985, Greensboro, North Carolina, ndani ya kizimba cha vyuma, alimlazimisha Tully Blanchard akiri kushindwa huku kipande cha mbao kilichovunjika kimemkabili usoni. Ni mechi ya kutisha hadi leo. Oktoba 1986 gari lake lilipata ajali Charlotte, shingo ikavunjika. Alikuwa na miaka 27. Alijifunza kutembea upya, lakini hakupigana tena kamwe. Nafasi yake kando ya mwenzake Dusty Rhodes alipewa Nikita Koloff, aliyekuwa adui wa Magnum wiki chache tu kabla.

Watu husema Magnum angekuwa bingwa wa dunia. Inawezekana sana, dalili zilikuwepo. Lakini tukimweka kwenye orodha ya wakubwa kwa sababu ya mkanda ambao hakuupata, tunampa heshima ya mtu ambaye hakuwepo, na kumnyima ile aliyoitolea jasho Greensboro. Mimi namweka kwa mechi ile ya kizimba, na inatosha kumweka.

Habari za Bret Hart, kaka yake Owen, sijazigusa, na najua yupo humu ndani anayesubiri kuniuliza. Karibuni maswali.