Hong Kong ilifunga mlango, wazee wakabaki ndani bila chanjo

Asanteni, karibuni, na waliosimama kule nyuma viti bado vipo huku mbele sogeeni tu. Mada niliyopewa ni serikali na magonjwa ya mlipuko, nikaambiwa nichague nchi moja, mimi nikachagua mji, Hong Kong, mana nimeufuatilia tangu Januari 2020 na kuna jambo lilitokea pale mwezi wa pili na wa tatu 2022 ambalo mpaka leo linaniuma, ndo nataka tuliongelee.

Tuelewane kwanza Hong Kong ni nini. Waingereza waliirudisha China mwaka 1997, lakini imebaki na serikali yake ya ndani, mahakama zake, pesa yake na uhamiaji wake, yaani Mchina akitoka Shenzhen, mji wa China bara uliopakana nao, hatua chache tu kuvuka, anapita uhamiaji kama anaingia nchi nyingine. Wenyewe wanasema nchi moja, mifumo miwili. Watu zaidi ya milioni 7 wamebanana kwenye maghorofa, na kiongozi wao anaitwa Mtendaji Mkuu, wakati corona inaingia alikuwa Carrie Lam. Hilo la mpaka lishikeni.

Sasa huu mji ulishaungua mara moja. SARS, ugonjwa wa mapafu wa virusi vya jamii ya corona, mwaka 2003, watu 1,755 waliugua, 299 wakafa, na kati yao walikuwemo madaktari na manesi. Kuna maghorofa yanaitwa Amoy Gardens, pale waliugua zaidi ya watu 300, na uchunguzi ulipofanyika ikaonekana mabomba ya maji machafu yalihusika. Mnajua lile bomba lililopinda chini ya tundu la bafuni, linalokaa maji ili hewa ya choo isirudi ndani? Yalikuwa yamekauka, hewa yenye virusi ikawa inapanda kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Mpaka leo idara ya afya pale inawakumbusha watu kumwaga maji kwenye matundu ya sakafuni kila wiki. Nimelitaja hili kwa sababu watu waliopitia hayo hawakuhitaji kuambiwa na mtu. Habari za Wuhan zilipotoka tu walivaa barakoa wenyewe, wakapanga foleni usiku kucha madukani, wakati serikali yao bado inajivutavuta, na Carrie Lam mwenyewe Februari 2020 alisema maofisa wasivae kwenye mikutano ili akiba ibaki kwa wahudumu wa afya.

Na hapa lazima niseme ukweli wa siasa, nyie mnaosomea afya msiukimbie. Tangu katikati ya 2019 mji ulikuwa barabarani ukiandamana kupinga muswada wa kupeleka watuhumiwa China bara, na Oktoba ile serikali ilipiga marufuku kuficha uso kwenye maandamano, barakoa ikiwemo. Miezi michache baadae serikali hiyo hiyo inataka watu waiamini kuhusu barakoa, karantini, vipimo. Mwanzoni mwa Februari 2020 maelfu ya wahudumu wa hospitali za umma waligoma siku 5 wakitaka mpaka wa China bara ufungwe wote, serikali ikafunga vituo vingi ikabakiza vichache, kisha ikaweka karantini ya siku 14 kwa kila anayetoka bara. Juni 2020 ikaja sheria ya usalama wa taifa, iliyowabana wapinzani, Julai uchaguzi wa baraza la kutunga sheria ukasogezwa mwaka mzima kwa sababu ya corona. Mtu wa kawaida akitazama yote hayo anajiuliza, hii hatua ni ya ugonjwa au ni ya kunizuia mimi? Wizara yoyote ya afya ikishafika hapo imeshapoteza kitu ambacho dozi haziwezi kukirudisha.

Lakini kwa kufunga mlango, waliweza sana tu. Machi 2020 wageni wasio wakazi wakazuiwa kuingia kwa ndege, na wenzetu wa biashara mnakumbuka, Chungking Mansions pale barabara ya Nathan, ambako wafanyabiashara wa Afrika Mashariki walikuwa wanakwenda kubeba simu, palipoa. Binamu yangu alikuwa anaenda mara tatu kwa mwaka, ikawa basi. Mkazi anayerudi nyumbani kuna kipindi alikaa hotelini siku 21, analipia mwenyewe, mlango haufunguliwi ila kwa chakula na kipimo. Waliomkaribia mgonjwa walipelekwa kambi ya Penny's Bay karibu na Disneyland. Matokeo yake, mpaka mwisho wa 2021, miaka miwili nzima, vifo 213 tu. Mji wa watu zaidi ya milioni 7. Sisi wote tuliokuwa tunafanya kazi wadi tulikuwa tunaitazama ile namba kwa wivu.

Chanjo zilianza Februari 2021, aina mbili, Sinovac ya China na ile ya BioNTech, na zilikuwepo za kutosha, mtu anachagua aipendayo. Ila wazee hawakwenda, hasa wale wa miaka 80 kwenda juu, walio wengi mwaka uliisha hawajakamilisha dozi, na kwenye nyumba za kulelea wazee hali ilikuwa mbaya zaidi. Mnajua ni kwanini? Mimi naelewa vizuri kwa sababu bibi yangu mzaa mama alikuwa na miaka 84, presha na sukari, na alikataa kwa sababu ile ile: "mimi mgonjwa, hiyo sindano itanimaliza." Hong Kong magazeti yaliandika sana kuhusu waliokufa siku chache baada ya kuchanjwa, hata pale ambapo chanjo haikuhusika, familia zikaogopa kutia sahihi, madaktari wengine wakawaambia wasubiri presha itulie, na juu ya yote ugonjwa wenyewe haukuwepo mtaani, sasa mzee wa miaka 85 asiyetoka nje akimbilie nini? Kila mmoja alikuwa na sababu yake inayoeleweka. Kazi ya serikali ilikuwa kwenda kwa wale wazee mmoja mmoja kabla mlango haujavunjika, na nguvu zote zilikuwa mlangoni.

Omikroni, aina mpya ya kirusi cha corona inayosambaa haraka sana, ikaingia. Mwezi wa kwanza 2022 walikuwa bado wanaua hamsta wapatao 2,000 kwa sababu maambukizi yalitokea duka la wanyama, na majengo ya Kwai Chung yamefungwa kwa siku kadhaa, wanafukuzia mnyororo mmoja mmoja. Mwezi wa tatu mwanzoni ni zaidi ya wagonjwa 50,000 kwa siku. Zile picha nje ya hospitali ya Caritas, wazee kwenye vitanda vya magurudumu uani, baridi ya Februari, mvua, wamefunikwa karatasi za dhahabu za kuhifadhi joto, nilizitazama nikalia, siwafichi. Mochwari zikajaa, makontena ya barafu yakaletwa, majeneza yakapungua. Kuna siku walikufa zaidi ya 200, na kwa kulinganisha na idadi ya watu hakukuwa na sehemu duniani iliyokuwa inazika kwa kasi ile wakati ule. Wengi ni wazee ambao hawakuchanjwa, wengi wametoka kwenye nyumba za wazee ambako ndugu walikuwa wamezuiwa hata kuwatembelea. New Zealand nayo ilikuwa imefunga mlango, nayo Omikroni iliingia miezi hiyo hiyo, lakini wazee wake karibu wote walishachanjwa, na vifo vyake havikukaribia vile.

Na wadada wa kazi, Wafilipino na Waindonesia zaidi ya laki tatu, wapo waliougua wakatolewa nje na waajiri wao wakalala kwenye mabustani. Hili huwa linapitwa haraka kwenye ripoti, ndo maana nimelitaja.

Kuna dada hapa mbele aliniuliza kabla hatujaanza kwanini hawakufungua mapema wakaishi nao kama wengine. Dada, hapo ndo unarudi ule mpaka niliosema mshike. Beijing, yaani serikali kuu ya China, ilikuwa kwenye sera ya sifuri, kutotaka mgonjwa hata mmoja mtaani, Hong Kong ilitaka kufunguliwa upande wa bara, kwa hiyo ilibidi nayo iwe sifuri, na kwa hiyo miaka mitatu ikakosa bara na ikakosa dunia. Hoteli za karantini ziliisha Septemba 2022 chini ya John Lee, Mtendaji Mkuu aliyemfuata Lam, barakoa ya lazima ikaisha Machi 1, 2023.

Timu za kwenda kuchanja wazee majumbani zilikuja pia. Zilipanda ngazi, zilikaa na familia, zilijibu maswali, na wazee wengi walikubali. Zilianza wakati kilele cha wimbi kimeshapita, vifo vikiwa karibu 9,000.